Faida Hiyo Yatoka Mfukoni mwa Nani?

Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari hakuwa na budi kujificha. Alikwenda nyuma ya kilabu cha pombe, au chini ya mwembe ulio mbali na njia, akacheza karata na wenzake huku mmoja wao akilinda. Leo hana haja ya kujificha. Kamari imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwake, awe kazini, awe kitandani, na, twasikitika kusema, hata awe kanisani. Jina lake nalo limesafishwa: haiitwi tena kamari, yaitwa kubashiri, ama kwa lugha ya vijana, kubeti. Fedha hutumwa kwa kidole kimoja, na jibu huja kabla chakula cha jioni hakijapoa.

Juu ya madhara ya mchezo huo mengi yamekwisha kusemwa, na mengine yamesemwa kwa hasira. Lakini ukisikiliza mazungumzo ya vijana vijiweni, na ya wazee pia, utaona kwamba swali lao si "Je, ni halali?" Swali lao ni hili: "Nifanyeje nipate kushinda?" Nao wana hoja yao. Husema kwamba wacheza kamari wa zamani walipoteza kwa sababu walicheza kama vipofu. Sisi wa leo tuna takwimu za kila timu, twajua nani kaumia mguu na nani kabadilishwa, basi mtu akitumia akili ataongeza nafasi yake, na kutumia akili si dhambi.

Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima. Akili ni kipaji cha Mungu, na Kanisa halikumkataza mtu kuitumia. Kwa hiyo leo twataka kulichukua swali hilo lenyewe, tulipime kwanza kwa hesabu, kisha kwa dhamiri. Maana inawezekana jibu la hesabu likawa moja, na la dhamiri likawa zito kuliko hilo.

MAFUNDISHO YA KANISA

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Wako Wakristo wema wanaodhani kwamba Kanisa hufundisha kuwa kila mchezo wa bahati ni dhambi. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika ibara ya 2413 yaeleza kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Huwa haramu pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Tena yaonya kwamba shauku ya mchezo yaweza kumtia mtu utumwani, na kwamba hila katika mchezo ni jambo zito.

Walimu wa maadili walikuwa wamekwisha kuyapanga mambo hayo katika masharti manne. Kwanza, kinachowekwa dau kiwe mali ya mwenyewe, naye awe huru kukitumia. Pili, aingie mchezoni kwa hiari yake. Tatu, pasiwe na udanganyifu. Nne, pawe na usawa fulani kati ya wanaoshindana, mmoja asiwe mwindaji na mwingine swala. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alipokuwa akiuliza kama yafaa kutoa sadaka kwa mali iliyopatikana vibaya, aliitaja na mali ya kamari. Alifundisha kwamba mtu aliyeshinda mali ya asiye na mamlaka juu ya mali yake, kama mtoto mdogo au mwenye akili pungufu, au aliyemvuta mwenzake mchezoni kwa tamaa ya faida akamshinda kwa hila, yampasa kuirudisha.

Tuyashike masharti hayo manne mkononi, kwani tutayarudia. Sasa twende kwenye hesabu.

HESABU YA DUKA

Kampuni ya kubashiri ni duka, na kama maduka yote haiuzi kwa hasara. Bidhaa yake ni ile bei ya malipo ambayo vijana huiita odi. Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Timu mbili zinacheza. Mwenyeji akishinda, kila shilingi hulipwa 1.80, wakitoka sare, hulipwa 3.40, mgeni akishinda, hulipwa 4.50. Mtu mmoja ataka kuhakikisha kwamba matokeo yakiwa yoyote yale, yeye atapokea shilingi 10,000. Atapaswa kuweka shilingi 5,556 kwa mwenyeji, 2,941 kwa sare, na 2,222 kwa mgeni. Jumla yake ni shilingi 10,719. Ametoa 10,719 ili apokee 10,000. Zile 719 ndizo ushuru wa duka, nao umefichwa ndani ya bei, hauandikwi popote. Ni kama shilingi 67 katika kila 1,000, kabla serikali haijachukua kodi yake.

Mtu atasema ushuru huo si mkubwa. Kwa mechi moja, kweli si mkubwa. Lakini watu wetu hawapendi mechi moja. Hupenda kuziunganisha mechi nyingi katika tiketi moja, wanayoiita mkeka, kwa sababu mkeka huahidi fedha nyingi kwa dau dogo. Basi ushuru ule hutozwa upya kwa kila mechi iliyosukwa mkekani. Katika mfano wetu, shilingi 1,000 baada ya mechi ya kwanza imebaki na thamani ya 933. Baada ya mechi ya pili, 870. Na mechi ya kumi inapoingia, thamani yake ni karibu 500. Mnunuzi ametoa 1,000 akapewa bidhaa ya 500. Hakuna mama anayeweza kununua unga kwa namna hiyo sokoni akanyamaza. Lakini mkeka unapochanika, kama wasemavyo wenyewe, mtu hulaumu mlinda mlango au mwamuzi, wala halaumu mizani ya muuzaji.

Ziko tena zawadi kubwa zinazotangazwa kwa mabango, ambazo humtaka mtu abashiri matokeo ya mechi 13 au 17 bila kukosa hata moja. Kila mechi ina matokeo matatu. Kwa mechi 13 namna zote za kujaza tiketi ni 1,594,323. Kwa mechi 17 ni 129,140,163. Tuseme sasa kwamba kijana wetu si mtu wa kubahatisha, ni hodari kweli, na katika kila mechi ana nafasi moja kati ya mbili ya kusema sawa. Hata hivyo nafasi yake ya kuzipata zote 17 ni moja kati ya 131,072. Akijaza tiketi moja kila wiki, atangoje kwa wastani zaidi ya miaka 2,500. Tangu Bwana wetu azaliwe haijatimia miaka hiyo.

Katika mashindano ya farasi mara nyingi utaratibu ni mwingine. Mwaka 1954 uwanja wa Ngong ulianza kutumika huko Nairobi, na wasomaji wetu wa mipakani huenda wamewahi kuuona. Katika nchi nyingi zenye mbio za farasi, dau zote hukusanywa katika chungu kimoja, mwenye uwanja hukata fungu lake, na kinachobaki hugawiwa waliomchagua farasi aliyeshinda. Utaratibu huo ulianzishwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Hapo mchezaji hashindani na duka. Hushindana na wachezaji wenzake, na duka hukata fungu lake kwa vyovyote vile. Neno hilo tulitunze, maana litatufaa baadaye.

NJIA ZA UONGO

Kwa kuwa duka lina ushuru, watu hutafuta njia ya kuupita. Njia nyingi ni za uongo, na yafaa wazazi wazijue ili waweze kuzieleza nyumbani.

Njia ya kwanza ni kuongeza dau maradufu kila unapopoteza, kwa kuwa siku moja lazima ushinde na kurudisha zote. Anza na shilingi 500. Ukipoteza mara kumi mfululizo, umekwisha kutoa shilingi 511,500, na dau linalofuata ni 512,000. Yote hayo ili mwishowe upate faida ya shilingi 500. Mwenye mshahara wa kawaida hafiki huko. Fedha humwishia njiani.

Njia ya pili ni kuamini kwamba bahati ina deni. Mtu husema, "Timu hii imefungwa mara tano, leo zamu yake imefika." Tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, yasimuliwa kwamba gurudumu la mchezo liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji waliendelea kumimina fedha katika nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba nyeusi imechoka. Gurudumu halina kumbukumbu wala huruma. Lile la mara ya 26 halikujua lolote juu ya yale 25 yaliyotangulia.

Njia ya tatu ni kununua siri kwa watabiri. Hawa hutuma ujumbe kwa simu wakisema kwamba wanazo mechi za uhakika. Tazameni jinsi hila yao inavyoweza kufanya kazi. Mtu awapelekee watu 6,400 utabiri wa bure: nusu yao awaambie timu hii itashinda, nusu awaambie haitashinda. Walioambiwa uongo awaache. Walioambiwa kweli, 3,200, awagawe tena nusu kwa nusu. Baada ya mechi sita watabaki watu 100 ambao wameona kwa macho yao utabiri sita wa kweli bila kosa. Hao watamwona kuwa nabii, nao ndio watakaouziwa utabiri wa saba. Yeye mwenyewe hajui lolote juu ya mpira. Na tuulize swali jepesi: mtu anayejua kweli matokeo ya kesho, mbona amwuzie jirani kwa shilingi 5,000?

Iko njia ya nne, nayo ni kuharibu mchezo wenyewe kwa rushwa. Mwaka 1980 huko Italia iligunduliwa kwamba wachezaji walihongwa ili mechi ziende kama wacheza kamari walivyotaka. Klabu za AC Milan na Lazio zilishushwa daraja, na wachezaji mashuhuri wakafungiwa. Hiyo ni kweli njia ya kuongeza nafasi, nao wizi wa usiku ni njia ya kuongeza mali. Hatuna haja ya kuijadili zaidi.

Kuhusu wale waendao kwa mganga kutafuta dawa ya bahati, Amri ya kwanza yawatosha. Nao wale wanaompigia Mungu magoti ili bao lifungwe dakika ya 90, twawaomba wakumbuke kwamba upande wa pili yuko mwenzao, naye huenda amepiga magoti vilevile.

NJIA ZA KWELI, NA BEI YAKE

Je, hakuna njia ya kweli hata moja? Ipo, na tungekuwa waongo kama tungesema haipo. Wenye ujuzi husema mambo machache yaliyo wazi. Cheza mechi moja moja, wala usisuke mkeka. Linganisha bei za maduka mbalimbali. Usiweke dau kwa timu unayoipenda, kwani mapenzi hupofusha. Andika katika daftari kila shilingi iliyotoka na kila iliyorudi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na juu ya yote, usicheze ila pale ambapo wewe wajua jambo ambalo bei haijalijua.

Mwaka 1956 John Kelly, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara za Bell, alitoa kanuni ya kumwonyesha mtu aweke dau sehemu gani ya fedha zake. Tuseme duka hulipa mara mbili ya dau, na wewe wajua kwa haki kwamba nafasi yako ni 55 katika 100. Kanuni yasema weka sehemu moja ya kumi ya fedha ulizotenga. Nafasi yako ikiwa 50 katika 100, kanuni yasema weka sifuri. Ikiwa chini ya hapo, jibu ni chini ya sifuri, yaani usikaribie kabisa. Wengi huitaja kanuni hii kama ufunguo wa utajiri. Kwa mtu asiyejua zaidi ya bei, yaani kwa karibu kila mtu, kanuni hiyohiyo humwambia akae na fedha zake.

Wapo waliofaulu. Mashuhuri kati yao ni William Benter wa Marekani, aliyekwenda Hong Kong katika miaka ya 1980 pamoja na mwenzake Alan Woods. Huko fedha za dau la farasi mshindi hukatwa asilimia 17.5 kabla ya kugawiwa, mzigo ambao mtu wa kawaida hawezi kuuinua. Benter alikusanya habari za mbio zilizopita, akatengeneza hesabu za kompyuta zenye kupima mambo mengi juu ya kila farasi na mpanda farasi. Mwanzoni alipoteza. Baada ya miaka ya kazi alianza kupata, na mwaka 1994 alichapisha maelezo ya njia yake. Katika maelezo hayo alionyesha kwamba hesabu zake peke yake hazikutosha. Ilimbidi azichanganye na bei iliyotokana na dau za umma, maana umma kwa jumla wajua mengi. Alipata mamilioni ya dola.

Basi hiyo ndiyo njia ya kweli: elimu ya juu ya hesabu, mtaji mkubwa, kompyuta, wasaidizi, na miaka ya kazi ya kutwa. Mtu aliye na vipaji hivyo vyote angeweza kupata riziki kwa kazi nyingine yoyote. Tena anayebashiri mpira kwenye maduka ya leo hukuta kikwazo kingine. Katika Uingereza na nchi nyingine yajulikana wazi kwamba kampuni nyingi humpunguzia dau mteja anayeshinda mara kwa mara. Anayepoteza hukaribishwa kwa zawadi na salamu za simu. Anayejua hufungiwa mlango. Mgeni anayekaribishwa kwa bashasha kiasi hicho yafaa ajiulize amehesabiwa katika kundi gani.

CHA MLEVI HULIWA NA MGEMA

Sasa tumefika penye jambo lenyewe. Tumeona kwamba wengi hawawezi kuongeza nafasi yao, na wachache waweza. Juu ya wale wengi dhamiri haina shida ya kujibu: wanaotumia ada ya mtoto au fedha ya dawa wamevunja sharti la kwanza, kwani fedha hiyo haikuwa yao peke yao. Lakini tuulize juu ya yule mmoja aliyefaulu kwa akili yake, bila rushwa na bila uongo. Faida yake yatoka mfukoni mwa nani?

Mkulima akivuna magunia kumi kwa kutumia mbegu bora, hakumpunguzia jirani hata punje. Mfanyabiashara akitoa chumvi Uvinza akaipeleka mahali isikopatikana, yeye amepata fedha na mnunuzi amepata chumvi, wote wawili wamekwenda nyumbani na faida. Nao wote wawili walikabili hatari: mvua ingeweza kukosa, lori lingeweza kupinduka. Kwa hiyo wasiseme watu kwamba kubashiri ni biashara kwa sababu kuna hatari. Si hatari iifanyayo biashara kuwa halali. Ni huduma. Katika dau hakuna punje iliyoongezeka duniani. Shilingi aliyoipata mmoja ndiyo shilingi aliyoipoteza mwingine, kasoro fungu la duka.

Na huyo mwingine ni nani? Katika chungu cha mbio za farasi si tajiri mwenye uwanja, kwani yeye amekwisha kukata fungu lake. Ni wachezaji wenzake: karani, dereva, kibarua, ambao hawana kompyuta. Ujuzi wa mmoja una faida kwa kadiri ile tu ambayo wengine wamekosa ujuzi. Wote wakijua sawasawa, faida yatoweka. Hivyo anayejibidiisha kuongeza nafasi yake anajibidiisha, ajue asijue, kutafuta watu wajinga kuliko yeye. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Hapa mtu huona haya kuwa mlevi, akatafuta maarifa ili awe mgema.

Mtu atatujibu: "Hao wameingia kwa hiari yao, hakuna aliyewashika mkono." Jibu hilo lina nguvu yake, wala hatulidharau. Watu wazima wawili wakiwekeana soda juu ya mechi ya Simba na Yanga, mmoja akiwa anajua mpira kuliko mwenziwe, hakuna aliyedhulumiwa. Wanajuana, kiasi ni kidogo, na anayepoteza hucheka. Lakini hiari ina vipimo. Mtakatifu Thoma alimtaja mtu asiye na mamlaka juu ya mali yake. Sheria yetu humkataza aliye chini ya miaka 18, kwa sababu hiyohiyo. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka ugonjwa wa kamari pamoja na maradhi ya uraibu. Mtu aliyefikia hali hiyo ana hiari gani? Mlemavu wa miguu hatumwambii kwamba alikaa kwa kupenda. Hao ndio watiao dau mara nyingi kuliko wote, na katika chungu kile hakuna awezaye kutenga shilingi zao na shilingi za mtu anayecheza kwa kujifurahisha.

Wengine watasema kwamba serikali hupata kodi na timu zetu hupata jezi. Ni kweli, wala hatusemi kodi hiyo haina kazi. Lakini kodi hiyo imelipwa na nani, kama si na yule kibarua aliyepoteza? Kuijenga nchi kwa fedha ya aliyeshindwa kujizuia ni njia ghali ya kuijenga, kwa kuwa nyumba yake nayo ni sehemu ya nchi.

Yupo mtu mmoja aliyeyajua mambo haya pande zote mbili. Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya namna ya kugawana dau mchezo unapokatizwa, na barua hizo zikawa msingi wa hesabu za bahati tunazozitumia hadi leo. Hakuna awezaye kusema kwamba hakuijua kamari. Katika mawazo yake yaliyochapishwa mwaka 1670, baada ya kufa kwake, alieleza jambo ambalo kila mzazi angefaa alifikirie. Alisema kwamba ukimpa mcheza kamari kila asubuhi fedha ambayo angeweza kushinda siku hiyo, kwa sharti asicheze, utamwondolea furaha yake. Na ukimwambia acheze bure, bila dau, atachoka. Hatafuti fedha tu, wala mchezo tu. Atafuta kitu cha kumshughulisha asijitazame mwenyewe.

Twaona kwamba hapo ndipo penye jeraha. Kijana anayeshinda kijiweni tangu asubuhi akitazama namba katika simu hakuanza kwa ulafi. Alianza kwa kukosa kazi, au kwa kuwa na kazi isiyotosha, na mkeka ukampa kitu ambacho siku zake hazikuwa nacho: sababu ya kuingoja jioni. Anayetaka kumtoa huko kwa karipio peke yake hatafaulu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Basi twashauri nini? Kwanza, fedha ya nyumba ijulikane na baba na mama, kwa daftari lililo wazi. Mara nyingi madeni ya kamari hukua gizani. Mume anayetaka kujiburudisha kwa dau dogo aitaje shilingi hiyo mbele ya mkewe kama atajavyo ya soda, na iwe shilingi ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa. Asiyeweza kuitaja amekwisha kupata jibu la dhamiri yake.

Pili, asikope mtu ili acheze, wala asicheze ili alipe deni. Hasara ya jana isifuatwe. Imekwisha kwenda.

Tatu, wazazi wawafundishe watoto hesabu hii ya duka, kwa karatasi na kalamu, kama tulivyoionyesha. Mtoto aliyeiona shilingi 1,000 ikigeuka 500 katika mkeka wa mechi kumi amepata kinga kubwa kuliko makaripio mengi.

Nne, aliyenaswa asifichwe wala asitukanwe. Apelekwe kwa padre na kwa daktari, maana ugonjwa huu una upande wa roho na upande wa mwili. Ndugu wasimlipie madeni kwa siri mara kwa mara, kwani kufanya hivyo ni kumwongezea mtaji. Wamsaidie kuzishika fedha zake mpaka apate nguvu ya kuzishika mwenyewe.

Tano, parokia na vyama vyetu vinapouza tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya kujenga zahanati au shule, vitumie mizani ileile. Bei iwe ndogo, zawadi itolewe hadharani, hesabu isomwe mbele ya watu, na mnunuzi aambiwe wazi kwamba anatoa mchango. Kwa njia hiyo anayekosa zawadi amepata zahanati.

Na kwa kijana anayetuuliza bado jinsi ya kuongeza nafasi yake, jibu letu ni hili, wala si la kumfukuza. Hamu yako ya kujua, uvumilivu wako wa kukusanya takwimu, ujasiri wako wa kukabili hatari, vyote ni vipaji, navyo havikutolewa vizikwe. Yule mtumishi wa Injili aliyepewa talanta tano alifanya biashara nazo akapata tano nyingine, wala hatuambiwi kwamba kuna mtumishi mwenzake aliyetoka siku ile mikono mitupu kwa sababu yake. Vipeleke vipaji hivyo mahali ambapo faida yako itakuwa na chumvi ya kumpa jirani. Ukikutana naye njiani jioni, uweze kumwambia ulichokipata na ulivyokipata, naye akakupongeza kwa moyo mweupe.